Nyimbo za mapenzi za Napoli zilizovalishwa Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wanayajua mahadhi ya Napoli bila kujua kwamba wanayajua. Wameyasikia kwa Elvis Presley, kwa Dean Martin, kwenye filamu, kwenye harusi. Majibu haya ni kwa yeyote aliyeupenda wimbo wa namna hiyo kwa Kiingereza na sasa anataka kujua ulikotoka, na kitu gani kilibaki nyuma ulipohama.

Tunaposema "wimbo wa Napoli" tunakusudia nini?

Ni wimbo uliotungwa kwa Kinapoli, lugha ya mji wa Napoli na vitongoji vyake kusini mwa Italia. Hicho si Kiitaliano cha shuleni. Mtu wa Milano akiusikia anapata maana kwa kuungaunga. "Te voglio bene assaje" uliushika mji mzima mwaka 1839, lakini enzi kubwa ya nyimbo hizi ilianza kama 1880 na kuendelea hadi miaka ya 1950. Kila Septemba, wakati wa sikukuu ya Bikira Maria wa Piedigrotta, nyimbo mpya zilitolewa na kushindanishwa, na wachapishaji kama Ricordi na Bideri waliuza karatasi zenye maneno na noti. Wimbo uliopendwa ulikuwa kinywani mwa kila mtu kabla ya mwezi kwisha.

Mapenzi ndiyo mada kuu, ila ni mapenzi yenye anwani. Mpenzi ana dirisha lake, mtaa wake, ufuo wake, na jina lake linaitwa kwa sauti: Marì, Catarì, Nannì. Ukilikumbuka hilo, mengi ya huko mbele yatakuwa mepesi kuelewa.

Kwa hiyo ni nyimbo za jadi, zisizo na mwenyewe?

Hapana, na kosa hili liliwahi kumgharimu mtu mkubwa. "Funiculì, funiculà" ilitungwa mwaka 1880, muziki wa Luigi Denza na maneno ya mwandishi wa habari Peppino Turco, kusherehekea reli mpya ya kupanda Mlima Vesuvio, volkano iliyo jirani na Napoli. Miaka michache baadaye Mjerumani Richard Strauss aliusikia Italia, akadhani ni wimbo wa wananchi usio na mtunzi, akauingiza katika kazi yake ya okestra "Aus Italien". Denza alikuwa hai, mzima wa afya. Alimshtaki, na Strauss akalazimika kulipa.

Karibu kila wimbo maarufu wa Napoli una mtunzi wa muziki na mshairi wake. Wengine walikuwa wasomi, kama Salvatore Di Giacomo. Wengine walikuwa watu wa kazi za mikono. Vincenzo Russo, aliyeandika "Maria, Marì" mwaka 1899 na "I' te vurria vasà" mwaka uliofuata, alikuwa mshona glavu, na alikufa mwaka 1904 akiwa na miaka 28. Haifai watu kama hao waitwe "jadi", majina yao yakafutika.

Zilifikaje masikioni mwa wasikilizaji wa Kiingereza?

Kwa njia mbili, na kila moja ilileta nyimbo kwa tabaka tofauti la watu.

Njia ya kwanza ni London. Denza mwenyewe alihamia huko, akafundisha uimbaji katika Royal Academy of Music, na akafia huko mwaka 1922. Francesco Paolo Tosti, aliyetia muziki shairi la Di Giacomo "Marechiare", alikuwa mwalimu wa uimbaji wa familia ya kifalme ya Uingereza na akapewa cheo cha Sir mwaka 1908. Watu hawa waliingiza nyimbo za Napoli sebuleni, penye piano na watoto wa kike wanaofundishwa kuimba. Ndiyo sababu tafsiri za zamani za Kiingereza ni za adabu mno: mapenzi yamepunguzwa makali, mandhari yameongezwa.

Njia ya pili ni New York. Kati ya 1880 na 1924 Waitalia zaidi ya milioni 4 waliingia Marekani, wengi wao wakitoka kusini. Walibeba nyimbo zao, na punde wakaanza kutunga nyingine hukohuko. "Core 'ngrato", ambao wengi wanadhani ni wa Napoli asilia, ulitungwa Marekani mwaka 1911 na wahamiaji wawili, Salvatore Cardillo na Riccardo Cordiferro. Mwaka huohuo ukarekodiwa na Enrico Caruso, mzaliwa wa Napoli aliyekuwa nyota wa Metropolitan Opera tangu 1903. Santuri za Caruso ziliingia katika nyumba ambazo hazikuwa na Mwitalia hata mmoja. Baada yake Wamarekani wasioelewa neno walikuwa tayari wamezoea mahadhi, na kampuni za muziki ziliona kilichobaki ni kuyapatia maneno ya Kiingereza.

"It's Now or Never" ya Elvis ni tafsiri ya "'O sole mio"?

Mahadhi ni yaleyale. Maneno hayana uhusiano wowote, na ukiyaweka bega kwa bega utaona hata hisia zimegeuzwa.

"'O sole mio" ni wa mwaka 1898, maneno ya Giovanni Capurro, muziki wa Eduardo di Capua. Anayeimba ametulia kabisa. Dhoruba imepita, hewa imetakata, siku inang'aa kama sikukuu. Kisha anasema liko jua jingine zuri zaidi, jua lake yeye, nalo liko usoni pa mpenzi. Ubeti wa pili una kitu ninachokipenda kuliko kiitikio chenyewe: vioo vya dirisha la mpenzi vinametameta, na chini yake dobi wa kike anaimba kwa kujidai, "e pe' tramente torce, spanne e canta", yaani huku anakamua nguo, anaanika na kuimba. Ubeti wa mwisho usiku unaingia, huzuni inamshika, naye angetamani abaki hapohapo chini ya dirisha. Hakuna anayemharakisha mtu. Mapenzi yapo na yatakuwepo kesho.

Mwaka 1949 Tony Martin alitoa "There's No Tomorrow" juu ya mahadhi hayo. Wazo lake ni kwamba hakuna kesho, tupendane sasa. Elvis aliujua wimbo huo, na alipokuwa jeshini Ujerumani alipata hamu ya kuimba mahadhi hayo kwa namna yake. Aliporudi, Aaron Schroeder na Wally Gold waliagizwa kuandika maneno mapya, wakashika wazo lilelile la Tony Martin: ni sasa au basi, kesho tutakuwa tumechelewa. Haraka hiyo haikutoka Napoli. Ilizaliwa Marekani mwaka 1949 na Elvis akairithi.

Lakini asidharauliwe. Alirekodi Nashville tarehe 3 Aprili 1960, na noti ya mwisho, ile ya juu, ilimsumbua. Fundi mitambo Bill Porter alisimulia kwamba alimwambia wanaweza kurekodi mwisho peke yake kisha waunganishe utepe. Elvis alikataa, aliuimba wimbo wote mwanzo hadi mwisho mpaka akaipata. Sikiliza sekunde zile za mwisho na utasikia mtu anayeuheshimu wimbo alioukopa. Ulikaa namba moja Marekani wiki 5 na Uingereza wiki 8, ambako ulichelewa kutoka hadi mwishoni mwa 1960 kwa sababu ya mambo ya hakimiliki.

Ni nyimbo gani nyingine za Kiingereza zenye mahadhi ya Napoli?

Ni nyingi. Hizi ndizo utakutana nazo zaidi.

"Surrender" ya Elvis, 1961, ni "Torna a Surriento" ya ndugu wawili Ernesto na Giambattista De Curtis. "I Have But One Heart", iliyompa Vic Damone jina mwaka 1947, ni "'O marenariello" ya 1893. Walioitazama filamu *The Godfather* wanaukumbuka: Al Martino anauimba harusini. Katika ule wa Kinapoli anayeimba ni mvuvi aliye kazini. Anamwomba msichana anyoshe mikono yake mizuri amsaidie kuvuta nyavu. Kiingereza kimemwondoa mvuvi, nyavu na bahari, kikabaki na moyo mmoja unaotolewa zawadi.

"Oh Marie" ni "Maria, Marì" ya yule mshona glavu. Louis Prima aliuchangamsha miaka ya 1950 kwa saksafoni ya Sam Butera nyuma yake, akabakiza maneno ya asili. "Luna rossa" ya 1950 ilirekodiwa na Frank Sinatra miaka miwili baadaye kwa Kiingereza, na "Anema e core" ya mwaka huohuo iliimbwa na Eddie Fisher mwaka 1954. "Guaglione" ya 1956, kuhusu kijana mdogo aliyechanganyikiwa na mapenzi kabla ya umri wake, iligeuka kwa Dean Martin kuwa habari ya mpiga mandolini.

Na "Just Say I Love Her", ambayo nitaizungumzia peke yake.

Kwa nini hawakutafsiri tu maneno yalivyo?

Sababu moja ni ya ufundi. Kinapoli kina maneno mengi yanayokatwa mwishoni na kubeba mkazo kwenye irabu ya mwisho: *Marì*, *vasà*, *campà*. Mwimbaji anapofika kwenye noti ndefu anakuta irabu iliyo wazi inamsubiri, anafungua kinywa na kuachia sauti. Maneno ya Kiingereza mengi yanafungwa kwa konsonanti, na noti ya juu kwenye konsonanti ni mateso. Kwa hiyo mwandishi wa Kiingereza alitafuta kwanza neno linaloimbika, maana ikafuata nyuma.

Sababu ya pili ni ya biashara, na nadhani ndiyo kubwa. Mchapishaji wa New York hakuwa anatafuta tafsiri. Alitaka wimbo ambao kijana wa Ohio angemwimbia msichana wake bila kuhitaji maelezo kuhusu dobi, nyavu au Vesuvio. Ndiyo maana mahali na majina viliondolewa kila mara. Wale wanaokumbuka taarabu ya Mombasa, enzi Juma Bhalo akiweka maneno ya Kiswahili juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi, hawatashangaa: mahadhi husafiri, mashairi huandikwa upya na mwenyeji.

"Funiculì, funiculà" ni mfano mzuri wa kiasi kilichopotea. Kwa Kiingereza, katika maneno ya Edward Oxenford, ni wimbo wa watu wachangamfu wanaosema dunia ni ya kufurahia. Kwa Kinapoli ni wimbo wa posa. Kijana anamwambia msichana wake, Nanninè, kwamba jana jioni alipanda kule ambako moyo wa msichana huyo usio na shukrani hauwezi tena kumtesa. Kule moto unaunguza, lakini ukiukimbia unakuacha, haukufuati mbio. Yaani volkano ina huruma kuliko mpenzi. Mwisho wa wimbo anasema kichwa kimeshapanda juu, kinazungukazunguka, na sasa kimerudi kwake: tuoane. Sijui namna nzuri kuliko hiyo ya kuomba ndoa ndani ya tangazo la reli.

Ni wimbo gani ulioumia zaidi kwa kuhamishwa?

"Dicitencello vuje", 1930, maneno ya Enzo Fusco na muziki wa Rodolfo Falvo. Kwa Kiingereza, tangu 1950, ni "Just Say I Love Her".

Wimbo wa Kinapoli ni mchezo wa kuigiza wa dakika tatu. Mwanamume anazungumza na mwanamke kwa heshima, anamwita *vuje*, kama unavyozungumza na mtu usiyezoeana naye. Anamwomba amfikishie ujumbe rafiki yake: mwambie huyo mwenzako kwamba nimekosa usingizi, kwamba namwaza kila saa, kwamba ndiye uhai wangu. Mwambie. Beti mbili nzima zinakwenda hivyo, kiitikio kikipanda, na msikilizaji anaamini yuko mwanamke wa tatu mahali fulani.

Kisha katika ubeti wa mwisho mwanamume anaona chozi linamdondoka huyu aliye mbele yake. Anamuuliza kwa upole anawaza nini. Na hapo anashindwa kuendelea: tuvue barakoa hii, tuseme kweli. Ni wewe ninayekupenda. *Vuje* imekuwa *tu*. Umbali wote umefutwa kwa silabi moja, na mahadhi yaleyale ya kiitikio, ambayo tulikuwa tumeshayazoea kama ujumbe wa kupelekwa, sasa yanaimbwa usoni kwa mhusika.

Kwa Kiingereza ombi linabaki ombi. Mwimbaji anaomba mtu amwambie yule msichana kwamba anampenda, na wimbo unaishia hapo. Chozi halipo, barakoa haipo. Mahadhi bado ni mazuri mno, na waimbaji wakubwa wameutendea haki. Nina Simone alipoubadilisha kuwa "Just Say I Love Him" mwaka 1961 aliuimba taratibu, kwa maumivu, kana kwamba anajua kuna kitu kimefichwa ndani. Lakini ujenzi wote wa wimbo ulikuwa kwa ajili ya ubeti ule wa mwisho, na huo ndio ulioachwa. Ukisikiliza wimbo mmoja tu kati ya niliyoitaja, uwe huu, kwa Kinapoli, na maneno yakiwa mkononi.

Upo wimbo uliofaidika kwa kuhamishwa?

"Surrender" umesimama kwa miguu yake. Doc Pomus na Mort Shuman, walioandika maneno yake ya Kiingereza, hawakujaribu kabisa kubeba Sorrento. Wimbo wa asili ni wa kubembeleza: tazama bahari ilivyo nzuri, sikia harufu ya maua ya michungwa, nawe unasema naondoka, kwaheri. Usiniache, "torna a Surriento, famme campà", rudi Sorrento, nipe kuishi. Inasimuliwa kwamba uliimbwa mwaka 1902 mbele ya waziri mkuu Giuseppe Zanardelli alipotembelea mji huo, ili asisahau ahadi zake kwa wenyeji. Wengine wanasema ulikuwa umetungwa miaka kadhaa kabla. Vyovyote iwavyo, mpenzi na mji ndani yake ni kitu kimoja.

Pomus na Shuman waliona kitu ambacho watafsiri wapole wa kabla yao hawakukiona: mahadhi haya yanaanza katika ufunguo mdogo (minor) wenye giza na kuruka ghafla kwenye ufunguo mkubwa (major) wenye mwanga. Waliuchukua mruko huo wakaufanya tamaa. Wimbo hauchukui hata dakika 2, una kasi, una joto. Si "Torna a Surriento", na haujifanyi kuwa. Kwangu huo ni uaminifu kuliko tafsiri nusunusu.

"That's Amore" na "Volare" je?

Si za Napoli. "That's Amore" ni ya Marekani, 1953, ya Harry Warren na Jack Brooks. Napoli imetajwa ndani yake tu. "Volare" ni ya Kiitaliano, ya Domenico Modugno wa Puglia, 1958. Na "You're Breaking My Heart" ya Vic Damone imetokana na "Mattinata" ya Leoncavallo, ambaye alizaliwa Napoli lakini wimbo huo aliuandika kwa Kiitaliano.

Kwa nini waimbaji wengine wanachanganya lugha mbili katika wimbo mmoja?

Wengi wao walikuwa watoto wa wahamiaji. Sinatra, Dean Martin, Damone na Jerry Vale walilelewa katika nyumba zilizosikia lahaja za kusini, ingawa si zote za Napoli. Ubeti wa Kiingereza ulikuwa wa redio. Ubeti wa Kinapoli ulikuwa wa mama na bibi waliokaa safu za mbele. Jimmy Roselli wa Hoboken alishikilia Kinapoli chake, na Waitalia wa New York na New Jersey walimpenda kwa hilo. Matamshi yao wakati mwingine yamekwaruzwa na Marekani. Mimi siyaoni kuwa kasoro. Ndiyo lugha kama walivyoipokea.

Nani analipwa hakimiliki?

Inategemea unatumia nini. Maneno ya Kiingereza yana wenyewe wake, tofauti na wimbo wa asili, hata pale mahadhi ni ya karne ya 19. Ukitaka kurekodi "It's Now or Never" au "Surrender", usidhani ni bure kwa sababu mahadhi ni ya zamani.

Hata mahadhi yana mitego. Di Capua alikufa 1917 na Capurro 1920, wote wawili bila kufaidi chochote cha maana kutokana na wimbo uliozunguka dunia. Mwaka 2002 mahakama ya Turin iliamua kwamba Alfredo Mazzucchi, aliyemwandalia di Capua noti, ni mtunzi mwenza wa "'O sole mio". Mazzucchi alikufa 1972, na ulinzi unahesabiwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi wa mwisho, hivyo nchini Italia wimbo unalindwa hadi 2042. Kabla ya kurekodi, uliza chama cha hakimiliki cha nchi yako.

Nataka kuimba mmoja harusini. Niimbe kwa lugha gani?

Kama wageni wako watauimba pamoja nawe, imba Kiingereza bila kuona haya. Kama unaimbia mtu mmoja, jaribu Kinapoli. Kwa anayezungumza Kiswahili si kigumu kama kinavyoonekana: *c* kabla ya *i* au *e* ni "ch", *gn* ni "ny", na *'o* mwanzoni mwa "'O sole mio" si mwito bali ni kama "the" ya Kiingereza, kwa hiyo usiiimbe kana kwamba unaita jua. Tofauti kubwa iko mwishoni mwa maneno. Sisi tunatamka kila irabu kamili. Mnapoli irabu ya mwisho isiyo na mkazo anaigusa tu na kuiacha ififie. Zile zenye alama ya mkazo, *Marì*, *Catarì*, zipe nguvu zote.

Na angalia maana kwanza. "Core 'ngrato" unapendwa sana na wenye sauti kubwa, lakini ni wimbo wa mtu aliyeachwa anayemlaumu Catarì kwa kumchukulia maisha yake na kumsahau. Harusini utafaa "I' te vurria vasà", yaani "ningependa kukubusu".

Nianzie wapi kusikiliza?

Sikiliza kwa jozi, siku ileile. "'O sole mio" ya Caruso, aliyoirekodi 1916, kisha Elvis. "Torna a Surriento" kwa mwimbaji yeyote wa tenori (sauti ya juu ya kiume) umpendaye, kisha "Surrender". "Dicitencello vuje" kwa Roberto Murolo, kisha Nina Simone. Murolo anaimba polepole na gitaa, karibu kama anazungumza, na kila neno linasikika. Kwa anayejifunza hakuna mwalimu mwema kuliko yeye. Ukimaliza naye, mtafute Sergio Bruni, mwimbaji mwingine wa nyimbo za Napoli.